Prometheus na Grafana ndani ya Docker: ukiona "No data", anzia kwenye anwani

Juzi baada ya isha mpwa wangu alinijia Langoni, laptopu kwapani. Anatengeneza programu ya kukata tikiti za boti za Lamu na Mokowe, na alitaka kuona maombi mangapi yanaingia na kila moja linajibiwa kwa muda gani. "Mjomba, Grafana yafunguka vizuri, lakini kila grafu yaniambia No data." Kwa ufupi: Prometheus hukusanya vipimo vya programu, Grafana huvichora kuwa grafu, na Docker huendesha kila kimoja ndani ya kontena, kijumba chake. Tatizo hilo nalijua. Nilipoanza kazi hii lilinila usiku mzima. Basi nimeandika tulivyofanya, labda litamfaa na mwengine.

Nachukulia Docker unayo, na programu yako tayari inatoa vipimo kwenye ukurasa wake wa /metrics. Kwa Python, maktaba ya prometheus_client inatosha.

1. Faili la Compose (docker-compose.yml), linaloeleza makontena yote

```
services:
  tikiti:
    build: .
    ports: ["8000:8000"]
  prometheus:
    image: prom/prometheus:v2.53.0
    ports: ["9090:9090"]
    volumes:
      - ./prometheus.yml:/etc/prometheus/prometheus.yml
      - data_prom:/prometheus
  grafana:
    image: grafana/grafana:11.1.0
    ports: ["3000:3000"]
    volumes:
      - data_grafana:/var/lib/grafana
volumes:
  data_prom:
  data_grafana:
```

Andika namba ya toleo, usiandike latest. Anayenunua bando hana haja ya kuvuta imeji (kifurushi cha programu) upya kwa sababu tu toleo limebadilika bila yeye kujua.

2. Mwambie Prometheus aende wapi (faili la prometheus.yml)

```
global:
  scrape_interval: 15s
scrape_configs:
  - job_name: tikiti
    static_configs:
      - targets: ["tikiti:8000"]
```

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hivyo soma polepole.

Mpwa wangu alikuwa ameandika localhost:8000. Alikuwa na sababu: akifungua anwani hiyo kwenye kivinjari, vipimo anaviona. Lakini kivinjari kiko kwenye laptopu, na Compose imeitoa poti 8000 mpaka kwenye laptopu. Prometheus yuko ndani ya kontena lake, na kila kontena ni nyumba yake. Neno localhost kwake ni "humu humu ndani". Anabisha kwenye chumba chake mwenyewe, ambamo hakuna programu ya tikiti, anarudi mikono mitupu. Jirani huitwa kwa jina, na jina ni lile uliloliandika chini ya services: tikiti.

Washa vyote kwa `docker compose up -d`, kisha fungua localhost:9090/targets. Ukurasa huu ndio wa kuangalia kwanza, kabla hujagusa Grafana. Kwa mpwa wangu mstari ulikuwa mwekundu, DOWN, na pembeni "connection refused". Tukabadilisha neno moja, tukaendesha `docker compose restart prometheus`, tukasubiri kidogo. Ukageuka kijani, UP.

Ukibaki mwekundu, kagua haya:

Programu yako inasikiliza wapi? Ikiwa ni 127.0.0.1, ndani ya kontena hakuna jirani atakayeifikia. Iweke 0.0.0.0, yaani isikilize kila upande. Flask, maktaba ya Python ya kutengeneza tovuti, kwa mfano, huanza na 127.0.0.1 usipoiambia vingine.

Poti ni ya ndani, si ya nje. Ukiandika "8080:8000", Prometheus bado anatumia 8000.

Na kama programu yenyewe unaiendesha moja kwa moja kwenye laptopu, nje ya Docker, tumia host.docker.internal:8000. Kwenye Mac na Windows, Docker Desktop inalijua jina hilo. Kwenye Linux, ongeza hili chini ya prometheus, na uwe na Docker 20.10 au zaidi:

```
    extra_hosts:
      - "host.docker.internal:host-gateway"
```

3. Grafana

Fungua localhost:3000, ingia kwa admin na admin, badilisha nywila. Ongeza chanzo cha data cha Prometheus, na anwani yake ni http://prometheus:9090. Si localhost, kwa sababu ileile.

4. Grafu mbili, basi

Usianze kwa kupakua dashibodi ya watu yenye grafu arubaini usizozielewa. Anza na idadi ya maombi kwa sekunde (weka jina la kipimo chako mahali pa tikiti_maombi_total):

`rate(tikiti_maombi_total[1m])`

Ukipima kila sekunde 15, usishuke chini ya dakika moja hapo. Rate inahitaji angalau vipimo viwili, na kimoja kikikosekana grafu inakatika.

Ya pili ni muda wa kujibu, ikiwa umeupima kwa histogramu, yaani maombi yamehesabiwa kwa makundi ya muda:

`histogram_quantile(0.95, sum by (le) (rate(tikiti_muda_seconds_bucket[5m])))`

Hii inaonyesha muda ambao asilimia 95 ya maombi hujibiwa ndani yake. Wengi huchora wastani. Mimi siutaki. Abiria tisini wakijibiwa papo hapo na kumi wakangoja sekunde nane, wastani hautafika hata sekunde moja, na wale kumi ndio boti itakayowaacha gatini.

Ukimaliza kazi, zima kwa `docker compose down`. Usiongeze -v, maana hiyo inafuta voliumu zote mbili, yaani hifadhi za data, na dashibodi uliyoichora inakwenda nazo.