Namna ya kupima ugumu wa mechi za nje ya konferensi katika futiboli ya vyuo vya Marekani

Mpwa wangu anasoma Marekani na huandikia gazeti la chuo chake habari za michezo. Majuzi aliniomba nimsaidie kulinganisha ratiba za timu mbili, akanitumia jedwali lenye wastani wa nafasi za wapinzani kwenye orodha ya ubora. Nikamwambia, "Mjomba wangu, huo wastani uweke pembeni kwanza." Alikuwa amefanya hesabu sawasawa kabisa, ila ilikuwa inajibu swali jingine. Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya hadi habari yake ikasimama. Nachukulia kwamba mchezo wenyewe unaufahamu na Excel au Google Sheets unaitumia.

Hatua ya 1: Elewa kwanza konferensi inatafuta nini

Watu wengi hudhani konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja) inajali mechi za nje, yaani dhidi ya timu zisizo za kundi hilo, kwa ajili ya heshima tu. Sababu kubwa ni hesabu. Ndani ya konferensi, ushindi wa mmoja ni kipigo cha mwenzake. SEC, mojawapo ya konferensi kubwa, ina timu 16. Kila moja ikicheza mechi 8 za ndani, zinakuwa mechi 64, yaani ushindi 64 na vipigo 64. Hata wacheze vizuri namna gani, wakijumlishwa wote rekodi yao ya ndani ni nusu kwa nusu. Kitu pekee kinachoweza kuipandisha konferensi nzima juu ya nusu ni mechi za nje, na nyingi huchezwa mwishoni mwa Agosti na Septemba.

Kwa hiyo timu moja ikienda kupigwa ugenini na timu dhaifu, hasara haibaki kwake. Kila atakayemfunga Oktoba na Novemba anakuwa amemfunga mtu aliyeshuka thamani. Ndiyo maana makao makuu ya konferensi huingilia ratiba ambazo zamani zilikuwa za chuo chenyewe kuamua.

Hatua ya 2: Soma sheria ya konferensi husika

Usilinganishe timu mbili kabla hujajua kila moja ilikuwa na nafasi ngapi za kujipangia. Msimu wa kawaida una mechi 12. Kati ya konferensi nyingine kubwa, Big 12 imecheza mechi 9 za ndani tangu 2011, Big Ten tangu 2016, hivyo wana nafasi 3 za nje. SEC ilibaki na 8 hadi msimu wa 2025, ikiwa na nafasi 4, lakini ikiilazimisha kila timu kucheza angalau mechi moja na timu ya konferensi nyingine kubwa au Notre Dame, chuo chenye jina kubwa kisicho na konferensi. Kuanzia 2026 SEC nayo inakwenda 9. ACC, konferensi kubwa nyingine, pia imeamua kwenda 9, ingawa kwa timu zake 17 hesabu haigawanyiki: 17 mara 9 ni 153, namba witiri, kwa hiyo lazima angalau timu moja icheze mechi 8.

Ona kasoro ya sheria za aina hii: zinapima kwa jina la konferensi, hazipimi kwa nguvu ya timu. Timu ya mkiani mwa konferensi kubwa inatimiza masharti, na timu moto kutoka konferensi ndogo haitimizi. Mimi naona huo ni uvivu, na ndio ulionifanya nianze kupiga hesabu mwenyewe.

Hatua ya 3: Andaa jedwali

Safu tano zinatosha: mpinzani, mahali pa mechi (nyumbani, ugenini, uwanja huru), daraja (FBS, la juu, au FCS, la chini yake), rekodi ya mpinzani, na alama ya nguvu yake. Tumia Google Sheets ili mwenzako aone unachobadilisha.

Hatua ya 4: Hesabu ya kizamani, ukiisafisha

Katika miaka ya mwanzo ya BCS, mfumo uliochagua wachezaji wa fainali kuanzia msimu wa 1998, ugumu wa ratiba ulihesabiwa hivi: theluthi mbili ni rekodi ya wapinzani wako, theluthi moja ni rekodi ya wapinzani wa wapinzani wako. Bado inafaa kama hatua ya kwanza, kwa sharti moja: ondoa mechi waliyocheza na wewe. Usipoiondoa, unaadhibiwa kwa kushinda.

Chukua Georgia ya 2024. Nje ya SEC ilicheza na Clemson, Tennessee Tech, UMass na Georgia Tech, ikashinda zote. Tennessee Tech ni FCS, iache kwanza. Kabla ya mechi zinazofuata msimu, Clemson ilikuwa 10-3 (ushindi 10, vipigo 3, pamoja na fainali ya konferensi yake), Georgia Tech 7-5, UMass 2-10. Jumla ni 19-18, asilimia 51. Sasa ondoa vile vipigo vitatu ambavyo Georgia yenyewe iliwapa: 19-15, asilimia 56. Ratiba ni ileile, wapinzani ni walewale, na namba imepanda pointi tano.

Fanya vivyo hivyo kwa Indiana ya msimu huohuo. FIU ilimaliza 4-8, Charlotte 5-7, na Western Illinois ni FCS. Ukiondoa mechi za Indiana unabaki na 9-13, asilimia 41. Tofauti inaonekana wazi, ila bado hujui tofauti hiyo ni sawa na vipigo vingapi. Hilo ndilo swali lenyewe.

Hatua ya 5: Geuza ratiba kuwa vipigo tarajiwa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo jioni zetu nyingi ziliishia, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Wastani una ugonjwa mmoja. Timu kali haisikii tofauti kati ya mpinzani wa nafasi ya 90 na wa 130, wote inawafunga. Lakini kwenye wastani tofauti hiyo ya nafasi 40 ina uzito uleule wa kumtoa mpinzani wa 5 na kumweka wa 45, ambayo ni mabadiliko makubwa mno. Kwa hiyo tunaacha kuuliza "wapinzani ni wazuri kiasi gani kwa wastani?" na kuuliza "timu nzuri ikipewa ratiba hii, itegemee kupoteza mechi ngapi?"

Kwanza, tafuta alama za nguvu zinazohesabiwa kwa pointi za uwanjani. Nachagua SP+, alama za nguvu za mchambuzi Bill Connelly, kwa sababu inatazama ufanisi wa kila shambulizi moja moja (play) ndani ya mechi badala ya matokeo ya mwisho tu. FPI, alama kama hizo za kituo cha michezo cha ESPN, pia inafaa. Kura ya AP, ambayo waandishi wa habari hupanga timu bora, usiitumie kabisa kwa kazi hii. Inaishia nafasi ya 25, na haikuambii wa 3 na wa 4 wameachana kwa pointi moja au kumi.

Pili, chagua timu kipimo. Hii si timu unayoichunguza. Ni timu ya kufikirika yenye nguvu moja utakayoipitisha kwenye ratiba zote. Kwa mjadala wa kuingia mchujo (mashindano ya kumpata bingwa wa taifa), mimi huipa alama +15, maana yake ingeifunga timu ya kati kwa pointi 15 kwenye uwanja huru.

Tatu, kwa kila mechi tafuta tofauti: alama ya timu kipimo, toa alama ya mpinzani, ongeza 2.5 ikiwa nyumbani, punguza 2.5 ikiwa ugenini, acha ilivyo uwanja ukiwa huru. Kisha andika:

=NORM.S.DIST(tofauti/16, TRUE)

Badala ya neno "tofauti" weka jina la seli yako. Hiyo 16 ni makadirio ya jinsi matokeo ya futiboli ya vyuo yanavyotawanyika kuzunguka matarajio. Wengine huweka 15 au 17. Jibu halitabadilika sana, mradi usibadilishe katikati ya kazi. Unachopata ni uwezekano wa kushinda. Tofauti ya pointi 3 inakupa asilimia 57, 7 inakupa 67, 14 inakupa 81, 28 inakupa 96.

Nne, jumlisha uwezekano wote, utoe kwenye idadi ya mechi. Kinachobaki ni vipigo tarajiwa.

Tazama mfano niliomtengenezea mpwa wangu. Ratiba A ina mpinzani mmoja mkali wa +18, ugenini, na vibonde wawili wa −25, nyumbani. Ratiba B ina timu tatu za kati, zote 0, zote nyumbani. Kwa wastani B ndiyo ngumu, na kwa mbali: 0 dhidi ya −10.7.

Ipitishe timu kipimo ya +15. Kwenye A, ule ugenini unaipa asilimia 37, na vibonde asilimia 99.6 kila mmoja. Vipigo tarajiwa: 0.64. Kwenye B, kila mechi ni asilimia 86. Vipigo tarajiwa: 0.41. Wastani umegeuka juu chini. A ndiyo ngumu.

Sasa badilisha seli moja tu, timu kipimo iwe 0, yaani timu ya kati. A inaipa vipigo 0.99, B inaipa 1.31. Imegeuka tena! Kwa timu ya kati, kukutana na watatu wa kiwango chake ni kugumu kuliko kupigwa mara moja na mkubwa na kujipoza kwa vibonde wawili.

Kaa na hilo kidogo, maana linaeleza ugomvi mwingi kati ya konferensi. Ratiba haina ugumu mmoja. Ina ugumu kwa timu inayowania ubingwa na ugumu mwingine kwa timu inayotafuta ushindi wa sita ili iruhusiwe kucheza mechi za bowl, zile za heshima baada ya msimu. Mwanachama wa juu na wa chini wa konferensi moja wanaweza kutazama karatasi moja na kila mmoja akawa mkweli. Kwa hiyo kila unapoandika "ratiba ngumu", taja timu kipimo yako.

Tahadhari tatu. Alama zote zichukuliwe tarehe moja. Usichanganye za Agosti na za Desemba. Timu kipimo iwe ileile kwa ratiba zote. Na alama za kabla ya msimu ni makisio: nazitumia kwa utabiri, kamwe si kwa hukumu.

Hatua ya 6: Timu za FCS

Zipe alama yake kila moja kama unaipata. Kuzifunga zote kwenye kapu moja ni kosa: Appalachian State ilikuwa FCS ilipoifunga Michigan 34-32 mwaka 2007 kwao Michigan, na North Dakota State iliifunga Iowa 23-21 mwaka 2016. Big Ten iliwahi kuwazuia wanachama wake kucheza na FCS, baadaye ikalegeza. Usipopata alama, weka −30 uendelee.

Hatua ya 7: Tenganisha nia na matokeo

Mikataba ya mechi kubwa husainiwa miaka mingi kabla. Alabama ilipokwenda Wisconsin Septemba 2024 ilishinda 42-10, na mwisho wa msimu Wisconsin ilikuwa 5-7, ikakosa bowl kwa mara ya kwanza tangu 2001. Aliyesaini mkataba alitafuta mpinzani wa maana. Aliyekuja uwanjani hakuwa yule. Mimi huweka safu mbili: nguvu ya mpinzani kwa wastani wa misimu mitano kabla ya mechi, na nguvu ya msimu wenyewe. Ya kwanza inakuambia kama wakurugenzi wa michezo walikuwa na ujasiri. Ya pili ndiyo ya kuamulia nani anastahili.

Usisahau pia fedha. Chuo kidogo husafiri kwenda kwa mkubwa kwa malipo. Northern Illinois ililipwa dola milioni 1.4 kwenda Notre Dame Septemba 2024, ikashinda 16-14. Kent State mwaka huohuo ilikwenda Pittsburgh, Tennessee na Penn State, ikafungwa 55-24, 71-0 na 56-0, ikamaliza 0-12. Ukipima ratiba ya Kent State kwa timu kipimo ya ubingwa bila kutaja hili, unawadhulumu vijana wale.

Hatua ya 8: Linganisha na uamuzi wa kamati

Kamati inayochagua timu za mchujo ina watu 13 na haifungwi na fomula. Msimu wa 2024 ulikuwa wa kwanza wa mchujo wa timu 12. Indiana iliingia ikiwa 11-1 na zile mechi za nje nilizozitaja, Alabama ikaachwa ikiwa 9-3. Agosti 2025 waendesha mchujo wakatangaza kwamba kipimo chao cha ugumu kitazipa uzito zaidi mechi dhidi ya timu kali, na wakaongeza kipimo cha thamani ya rekodi. Msimu huohuo Texas ilifungua kwa kwenda Ohio State, ikapoteza 14-7, ikamaliza 9-3, ikaachwa.

Pitisha mechi hiyo kwenye jedwali lako na utaona kuwa kipigo kimoja pale si aibu kwa timu ya +15. Vipigo vingine viwili, Florida na Georgia, vilikuwa vya ndani ya SEC. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Texas iliponzwa na ratiba ya nje, weka safu ya "vipigo halisi toa vipigo tarajiwa", mara moja kwa mechi za nje peke yake na mara moja kwa mechi zote 12. Mpwa wangu aliziweka zote mbili kwenye habari yake, moja kando ya nyingine, na timu kipimo ameitaja kwenye sentensi ya kwanza.