Kabla Hujaanza Kujaribu Mfumo, Amua Unatafuta Nini

Majaribio ya mfumo mpya mara nyingi huenda hivi: watu watano wanakusanyika ukumbini, kila mmoja na simu yake, wanabofya huku na kule mpaka chai inafika. Msimamizi anauliza, "Vipi, inafanya kazi?" Wanajibu inafanya. Jumatatu mfumo unaingia hewani. Ukweli ni kwamba hakuna kilichojaribiwa pale. Watu wamezoea skrini tu.

Kilichokosekana ni swali. Mfumo unajaribiwa ili mtu fulani aamue jambo: tuuachie, tusubiri, au tuuachie kwa tawi moja kwanza? Kwa hiyo kabla ya kingine chochote, mjue anayeamua na uandike anachotaka kujua. Chukua mfumo wa SACCOS unaopokea michango na marejesho ya mikopo kwa simu. Mwenyekiti anataka kujua kama pesa ya mwanachama inaweza kupotea njiani. Mhasibu anataka kujua kama vitabu vitafunga mwisho wa mwezi. Afisa mikopo anaangalia kama riba inakokotolewa kwa masharti yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Mwanachama yeye anataka kuona salio lake bila kumwita mjukuu. Hayo ni malengo manne, na jaribio la mmoja halimjibu mwingine. Kusaka kasoro ni lengo mojawapo tu. Yapo pia kuhakikisha kilichokubaliwa kwenye mkataba kimefanyika, kupima ukubwa wa hatari, na kumpa mwamuzi taarifa za kutosha.

Kuna kitu kimoja usikiweke kwenye malengo: kuthibitisha kwamba mfumo hauna kasoro. Mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, alilieleza hilo mwaka 1969 kwenye mkutano wa wataalamu wa programu mjini Roma. Majaribio yanaweza kuonyesha kasoro zilizopo, lakini hayawezi kuonyesha kwamba hazipo. Kisanduku kimoja cha kiasi cha pesa chenye nafasi ya tarakimu saba kinapokea thamani zinazokaribia milioni 10, na hakuna atakayezijaribu zote. Unachagua zenye uwezekano wa kukuumbua. Kama kikomo cha mkopo ni 3,000,000, jaribu 3,000,000 yenyewe, kisha 3,000,001, kisha sifuri, kisha kiasi chenye koma, kisha kisanduku kitupu. Waandishi wa programu huteleza sana mpakani, pale "kuanzia" inapoandikwa kama "zaidi ya".

Sasa jambo ambalo watu hulidharau kuliko yote: andika jibu sahihi kabla ya kuuliza mfumo. Tuseme mkopo ni 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na deni linalipwa 100,000 kila mwezi. Chukua kalamu. Riba ya mwezi wa kwanza ni 12,000, wa pili 11,000, inashuka hivyo hivyo mpaka 1,000 mwezi wa mwisho. Jumla ya riba ni 78,000. Kama mwandishi wa programu amekosea akatoza riba kwa mkopo wote kila mwezi, jumla inakuwa 144,000. Namba zote mbili zikitokea kwenye skrini zimepangwa vizuri, na nembo ya chama juu yake, zinapendeza sawasawa. Bila karatasi yako ya 78,000 hakuna atakayeshtuka, na mwanachama atalipa 66,000 zisizomhusu.

Halafu andaa watu wa kubuni. Usinakili daftari halisi la wanachama ukawapa wajaribu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata bila sheria, mkopo wa mtu ni siri yake. Lakini watu wako wa kubuni wafanane na watu wa kweli. Anayesajili "Test Test" mara kumi hajajaribu kitu. Sajili mtu wa ukoo wa Ng'wandu uone kile kikoma cha juu kinavyopokelewa. Mifumo iliyoandikwa ovyo hukwama hapo hapo, na hiyo pia ni dalili ya mlango ulio wazi kwa wadukuzi. Sajili mwenye majina manne na mwenye jina moja. Sajili namba moja ya simu kwa njia mbili, mara ianze na 07, mara na +255, uone kama mtu huyo huyo anageuka wanachama wawili.

Na tarehe. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha mfumo, nyingi huhesabu saa za UTC, saa za rejea za dunia nzima, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Muamala wa saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Julai, kwa seva ni saa nne na nusu usiku wa tarehe 30 Juni. Mhasibu anaukuta kwenye mwezi aliokwisha kuufunga, na kwa vyama vinavyofunga mwaka wa fedha Juni, anaukuta kwenye mwaka mwingine kabisa. Jaribu pia mkopo uliotolewa tarehe 31 Januari: rejesho la Februari linadaiwa lini?

Mtandao ujaribiwe kwa makusudi, usisubiri ukatike wenyewe. Bofya "lipa", zima data papo hapo, washa, bofya tena, kwa sababu ndivyo mwanachama atakavyofanya akiwa ndani ya daladala. Pesa ikatwe mara moja. Vilevile taarifa ya malipo kutoka kampuni ya simu inaweza kuchelewa, au kuja mara mbili ikiwa na kumbukumbu namba ile ile. Salio lisiongezeke mara mbili. Kampuni za simu huwa na mazingira ya majaribio, kama Daraja ya Safaricom, na uyatumie. Ila mwisho wa safari lipa shilingi za kweli, kidogo tu, kwa laini za kweli.

Simu nazo: tafuta kitochi, na simu janja ya bei ya chini iliyojaa picha. Ujumbe mmoja wa menyu ya nyota na reli hauzidi herufi 182, na Kiswahili chetu kina maneno marefu. Chaguo la mwisho, mara nyingi "Rudi nyuma", ndilo linalokatwa.

Kama mfumo una vipande vilivyotoka mradi mwingine, vijaribu upya katika hali yako. Roketi ya Ariane 5 iliyorushwa Kourou tarehe 4 Juni 1996 ilibeba programu ya mwelekeo iliyokuwa imeitumikia Ariane 4 bila shida. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na sekunde kama 40 baada ya safari kuanza ikalipuka. Kile kipande hakikuwa kimejaribiwa kwa njia halisi ya Ariane 5. "Hiki kilifanya kazi kule" ni maelezo ya kule.

Mwandishi wa programu asiwe mjaribu pekee. Mwite karani wa kaunta.

Kubalianeni mapema mtaachia lini: kasoro yoyote inayogusa salio inazuia, kosa la tahajia linaandikwa na kuachwa. Mkilijadili hilo siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa njiani, kila kasoro itaonekana ndogo.

La mwisho ni njia ya kurudi, nayo ijaribiwe. Mwishoni mwa Julai 2012 kampuni ya hisa ya Marekani, Knight Capital, iliweka programu mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na kipande cha zamani, na tarehe 1 Agosti kikaanza kununua na kuuza hisa ovyo. Wataalamu wakaiondoa programu mpya kwenye zile saba, na kwa kufanya hivyo wakakiamsha kipande kile kile huko pia. Katika dakika kama 45 ilipotea zaidi ya dola milioni 400. Kwa hiyo kwenye nakala ya kanzidata, yaani hazina ya taarifa za mfumo, si yenyewe, weka toleo jipya, pitisha miamala, rudisha la zamani, kisha hesabu kama miamala ile bado ipo. Na kwenye karatasi ya maandalizi andika jina na namba ya mtu mwenye ruhusa ya kusimamisha malipo usiku wowote bila kuitisha kikao cha bodi.