Kabla ya pazia, maji: kuhamia mtaa mpya Mombasa na watoto wadogo

Tulihamia Kisauni mwezi wa Februari, mtoto mmoja ana miaka minne, mwengine miezi minane. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa pazia. La maua, zuri kwelikweli. Siku ya tatu niko uani nafua nepi, sabuni haitoi povu hata nisugue vipi, na ndani mtoto analia, harara shingo nzima. Nikajua nimeanza kinyume. Huu hapa mpango nitakaoufuata nikihama tena.

Hatua ya 1: Onja maji kabla ya kulipa dipoziti

Mwenye nyumba akikwambia "maji yapo", bado hajakwambia kitu. Muulize: ya bomba au ya kisima? Ya bomba yatoka mbali, kwenye vyanzo vya Mzima, Baricho na Marere, na mitaa mingi huyapata kwa zamu. Ya kisima hayakatiki ovyo, lakini mengi yana chumvi. Fungua mfereji, onja kidogo, teme. Nenda na kipande cha sabuni ujaribu povu papo hapo, wala usione haya. Tazama na makomeo ya milango yalivyoliwa na kutu.

Wengi hudhani kuchemsha kutaondoa chumvi. Hakuondoi, maji yakipungua sufuriani, chumvi ndiyo kwanza yazidi. Kwa hivyo hayo ya kisima tumia kupiga deki, kufua na chooni. Ya kunywa na ya uji wa mtoto, nunua ya bomba kwa mtungi wa lita 20, kisha uyachemshe, kwani mtungi wenyewe hujui umepita wapi. Na kisima kilicho karibu na choo cha shimo kiogope hata kama maji yake hayana chumvi: ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, uchafu hupenya upesi, na weupe wa maji si ushahidi.

Muuza maji wa mkokoteni mzuri utampataje? Muulize jirani mwenye mtoto mchanga ananunua kwa nani. Huyo hakosei. Halafu tafuta mapipa yenye vifuniko vya kukaza, mbu asitage na mtoto anayetambaa asitumbukie. Ndoo yenye maji usiiache wazi sakafuni hata dakika moja.

Hatua ya 2: Jua upepo, ndipo upange kitanda

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndio msimu wa joto la kutoa jasho umekaa tu. Kusi huja na mvua za masika na kuleta nafuu. Kabla ya kupanga vyombo, fungua madirisha yote usiku mmoja ulale chumba hiki, usiku wa pili kile. Chumba chenye upepo wape watoto, wakubwa mtavumilia. Chandarua kifungwe usiku wa kwanza, kabla hata ya kufungua maboksi ya jikoni. Pazia zito kama langu lilikaa wiki mbili, likawa shuka.

Hatua ya 3: Umeme

Uliza kama mita ni yako peke yako au ya ploti nzima. Kama ni yako, nunua tokeni ya pesa kidogo kwanza. Aliyehama akiwa ameacha deni utaliona hapo.

Hatua ya 4: Piga hodi

Usingoje wao waje. Jioni ya kwanza nenda kwa majirani wa pande zote na watoto wako, hodi mara tatu, usipoitikiwa urudi zako. Watoto wafundishe shikamoo kabla hawajavuka kizingiti. Wazee wa barazani wapitie na salamu kila siku, hata ukiwa na haraka, maana hao ndio watakaomwona mwanao akielekea barabarani. Mzee wa mtaa naye ajue jina lako mapema. Siku ukihitaji barua ya kwenda kwa chifu hutaanza kujieleza.

Mimi niliteleza kwenye sahani. Jirani alileta kaimati, nikala, nikaosha sahani ikang'aa, nikairudisha tupu. Hakuna aliyesema neno. Wiki ile ile bibi wa nyumba ya pili akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, kwenu sahani hufunga saumu?" Niliona haya hadi leo. Hata ndizi mbili, hata chumvi, tia kitu.

Hatua ya 5: Kliniki na shule

Kijitabu cha kliniki kisipakiwe kwenye maboksi, kaa nacho mkobani. Chanjo ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18, na kuhama ndiko kunakosahaulisha. Wa miaka minne huanza PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, mwezi wa Januari. Cheti cha kuzaliwa utadaiwa.

Maswali

Mama pacha, Mikindani: Dada, kunguru wameniibia sabuni mbili na kijiko. Nifanyeje?

Pole. Mimi walichukua andazi mkononi mwa mtoto. Usiache kitu uani, taka zifunike, na mtoto asile nje peke yake. Kuwashinda, sahau.

Baba wa mmoja: Nafanya kazi kisiwani, nimepata nyumba Likoni. Nichukue?

Kaka, kivuko kwa miguu ni bure, ila foleni ya asubuhi uijaribu siku mbili kabla ya kulipa. Na muulize mkeo: mtoto akishikwa na homa usiku, atampeleka wapi bila kuvuka?

Mgeni kutoka Nairobi: Watoto wangu wanachekwa kwa Kiswahili chao. Itaisha?

Itaisha, nao watakucheka wewe. Wangu aliitwa na watoto wa jirani, "Ndoo!" Akakimbia ndani akawaletea ndoo. Hakujua Wamvita, wenyeji wa Mombasa, ndivyo wanavyosema njoo. Siku hizi nikimwita "njoo" anajifanya hajasikia.