Namna ya kupima muda halisi wa picha katika jaribio la EEG

Katika EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo, faili la matokeo likisema picha imetokea, linachosema ni kwamba programu imetoa amri. Mwanga kufika machoni mwa mshiriki ni jambo jingine. Lipime kabla hujamwita mshiriki wa kwanza.

1. Tafuta fotodayodi, kihisi kidogo cha mwanga kinachoitikia haraka. LDR, kipingamkondo kinachobadilika kwa mwanga, ni rahisi kupatikana, lakini huchukua makumi ya milisekunde kuitikia mwanga, kwa hiyo haifai hapa.

2. Katika programu yako ya kuendeshea jaribio, mathalani PsychoPy, chora mraba mweupe ukingoni mwa skrini, utokee katika fremu (mchoro mmoja wa skrini nzima) ileile ya picha. Bandika fotodayodi juu yake kwa utepe mweusi. Mraba uwe kwenye kimo kimoja na picha, maana skrini huchorwa kutoka juu kwenda chini: ile ya hezi 60 hutumia karibu milisekunde 16.7 kwa kila fremu, na kona ya chini huchelewa takriban 8 nyuma ya katikati. Wengi hubandika konani bila kulifikiria hili.

3. Ingiza fotodayodi katika mlango wa ziada wa amplifaya ya EEG, ukihakikisha volti zake hazizidi kiwango kinachoruhusiwa. Hivyo mwanga na alama za matukio (ishara ambazo programu hutuma kila inapotoa picha) vinarekodiwa kwa saa moja. Rekodi angalau sampuli 1000 kwa sekunde.

4. Endesha jaribio lenyewe, na picha zake zote na sauti zake, matukio mia kadhaa. Skripti tupu yenye mraba peke yake haithibitishi kitu.

5. Kwa kila tukio, tafuta mwanga ulipofika nusu ya kilele chake, kisha toa muda wa alama. Usiishie kwenye wastani; chora tofauti zote, moja baada ya nyingine.

Tofauti zikikaa zote, tuseme, kati ya milisekunde 24 na 26, umepona: ucheleweshaji usiobadilika unaondolewa kwa kusogeza alama. Zikiruka kwa 16.7 au 33, kuna fremu zinazokosekana. Pakia picha mapema, zima skrini ya pili. Zikipanda polepole kisha kushuka ghafla, alama haijafungamanishwa na skrini. Itume kwa callOnFlip, amri ya PsychoPy inayotuma alama wakati uleule skrini inapobadilisha fremu. Kuyumba huku ndiko adui mkubwa, kwa sababu hakuna hesabu rahisi ya kuondoa kuyumba huko baadaye. P300, wimbi la ubongo lililo pana, inaweza kustahimili, ila P1, wimbi jembamba la karibu milisekunde 100 baada ya picha, hulainika hadi ikafanana na kelele.

6. Sauti ipime peke yake, kwa kuupeleka waya wa spika kwenye mlango huohuo. Rudia vipimo vyote kila unapobadilisha skrini, kadi ya picha au mfumo endeshi, na uandike tarehe.