Jinsi ya kupata jioni yenye utulivu nyumbani, hata kama umepanga chumba kimoja

Mtu anatoka kazini Posta, Dar es Salaam, saa 11, anagombania gari, anakaa foleni, anafika Mbagala au Kimara saa 1 usiku kachoka hoi, anakula huku anaperuzi simu, anapitiwa na usingizi simu iko mkononi, alfajiri alamu inalia anaamka na uchovu uleule wa jana. Muulize utapumzika lini, atakwambia likizo. Sasa likizo yenyewe kisheria Tanzania ni siku 28 kwa mwaka kwa mtu aliyeajiriwa, na mama lishe au dereva boda hana hata siku moja ya kulipwa akiwa amelala, kwa hiyo ukisema unasubiri likizo ndo upumzike unajinyima jioni zaidi ya 300 kila mwaka. Mi naamini kabisa jioni inatosha. Saa moja tu ya jioni ikipangwa vizuri inamrudisha mtu kwenye hali yake, na nyumba nzima inapoa.

Watu wa pwani walilijua hili zamani na wakalijenga kabisa kwenye nyumba. Ukienda Mji Mkongwe Zanzibar unakuta baraza za mawe zimeshikana na ukuta wa mbele, watu wanakaa pale kuanzia alasiri jua likipungua, na mvua kubwa ikinyesha maji yakajaa uchochoroni watu wanapita juu yake wasilowe miguu. Lamu kuna madaka, yale ya kukaa pande mbili za mlango, mgeni anakaribishwa hapo kabla hajaingia ndani. Vichochoro ni vyembamba, nyumba hii inaitia kivuli ile. Tukirudi Mji Mkongwe, pale kijiweni Jaws Corner, upande wa Sokomuhogo, wazee kwa vijana wanakaa na kahawa wanabishana siasa na mpira, na kwenye mabaraza mengine utakuta bao au dhumna. Starehe yote ile haina gharama ya maana, kikombe kidogo cha kahawa na kashata basi. Kinachoifanya iwepo kila siku ni kwamba pana mahali panajulikana na pana saa inajulikana. Hivyo viwili ndo vya kuanza navyo.

Tafuta mahali

Usiniambie huna nafasi. Hata kwenye nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita kuna uwani, kuna mlango wa mbele, kuna ngazi, kuna koridoo linalopitisha upepo. Chukua mkeka au kigoda, kaa hapo muda mfupi mfupi jioni tofauti uangalie upepo unatokea wapi, moshi wa jiko la jirani unaelekea wapi, taa ya nje inakupiga usoni au hapana. Ukishapata kona inayokufaa ishike hiyohiyo, usihamehame. Kitanda kisiwe ndo mahali pako pa kubarizi, kiachie usingizi.

Kuna sababu nyingine ya kutoka nje. Bati linapigwa na jua mchana kutwa, na ukuta wa tofali za simenti unakunywa lile joto halafu unalitoa taratibu usiku, ndo maana saa 1 usiku nje kunapoa ila chumbani bado unatoka jasho. Ukikaa nje mpaka saa 3 unakipa chumba muda wa kupoa, fungua tu madirisha ya pande mbili kama yapo, hewa iingie huku itokee kule. Na mchana wa joto kali, mida ya jua kuzama, nyunyiza maji kidogo uwani au kwenye sakafu ya kibaraza, yale maji yakikauka yanaondoka na joto. Wamama zetu wanafanya hivi miaka yote. Mbu sasa hao hawana dini, vaa nguo ndefu, jipake dawa ya mbu, na neti ishushwe mapema kabla giza halijaingia.

Tenga saa, na waambie watu

Mi napendekeza saa 2 mpaka saa 3 usiku maana wengi wanakuwa wamefika na wameshakula. Waambie wa nyumbani, "saa 2 tunakaa nje." Simu iweke kwenye chaji mbali na unapokaa, na kama una mzazi mgonjwa au mtoto yuko bweni weka ile hali ya Usinisumbue halafu ruhusu namba zao tu ziite. Simu ikiwa pembeni yako imelala kifudifudi bado utaigusa, tena bila kujijua, kwa hiyo iondoe kabisa.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye shida yenyewe. Nyumba nyingi zetu mtu mmoja anapumzika kwa sababu mwingine anamhudumia. Baba kakaa kibarazani na kikombe chake, mama bado anasugua masufuria, anakunja nguo, anamuogesha mdogo, akija kukaa ni saa 5 na macho hayafunguki. Huo utulivu ni wa mtu mmoja, nyumba bado ina kelele ndani yake hata kama hakuna anayepiga kelele. Kazi za jioni zigawanywe kabla. Baba aoshe vyombo, mtoto wa darasa la tano anaweza kufagia na kupanga viatu vya shule, kijana akachote maji, nguo za kesho zinyooshwe Jumapili zote pamoja. Na kama kuna dada wa kazi na yeye ana saa yake ya kukaa chini, usimuite kila dakika lete maji lete rimoti. Kazi ya watu wanne inaisha haraka kuliko unavyodhani, na mama akikaa mapema utaona watoto wenyewe wanavyomsogelea.

Mwanga

Hili watu wanalidharau sana. Zile taa nyeupe kali tulizozoea kufunga sebuleni zinaandikwa 6500K kwenye boksi, huo ni mwanga kama wa mchana na mwili unauelewa hivyohivyo, unachelewesha homoni ya usingizi. Ukienda duka la umeme omba ya njano, angalia boksi limeandikwa 2700K au 3000K, wati chache tu zinatosha kona ya kukaa. Funga hiyo moja, ikifika saa yako zima ile nyeupe uwashe hii. Chumba kilekile, kochi lilelile lililochoka, lakini pataonekana pengine. Umeme ukikatika usilalamike, washa taa ya chemli au ya sola, iweke chini isikae usawa wa macho.

Cha kunywa

Kahawa chungu ni tamu bwana, lakini ina saa zake. Kwa watu wengi kafeini inachukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, maana yake kahawa ya saa 2 usiku, ikifika saa 7 usiku nusu yake bado iko na wewe unahesabu mabati. Kunywa alasiri. Chai ya rangi na ya maziwa nazo zina kafeini ingawa kidogo kuliko kahawa, kwa hiyo usiku mi nashauri mchaichai. Chukua majani matatu manne marefu, yaoshe, yakunje fundo, yaponde kidogo kwa mchi yatoe mafuta, chemsha na vikombe vitatu vya maji dakika kumi hivi mpaka maji yawe na rangi ya kijani iliyofifia na nyumba nzima inanukia. Ukitaka joto zaidi tia tangawizi iliyopondwa na iliki mbili. Sukari kidogo au asali. Na kama una sehemu ya ardhi hata ndogo, omba shina kwa jirani ulipande, mchaichai unashika haraka ukipata maji, na hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini unakua.

Kashata tengeneza mwenyewe Jumamosi, zinakaa wiki kwenye kopo linalofunga vizuri. Vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa na kumenywa, kikombe kimoja cha sukari, nusu kijiko cha chai cha iliki ya unga. Sukari peke yake kwenye sufuria kavu, moto mdogo sana, unakoroga taratibu mpaka iyeyuke iwe na rangi ya kahawia, usiondoke hapo kabisa maana ikipita kidogo tu inaungua inakuwa chungu. Ikishayeyuka yote mwaga karanga na iliki, geuza haraka, mimina kwenye sinia ulilopaka mafuta, sawazisha na mgongo wa kijiko, kata vipande ikiwa bado ya moto kwa sababu ikipoa inakuwa jiwe. Watoto wakae mbali, sukari iliyoyeyuka inaunguza vibaya kuliko maji ya moto.

Maji ya uvuguvugu

Watu wengi wakitoka na joto la mchana wanakimbilia maji ya baridi. Jaribu ya uvuguvugu, uoge saa moja mpaka mbili kabla ya kulala. Yanaileta damu kwenye ngozi, mikononi na miguuni, joto la ndani linatoka, mwili unapoa kwa ndani na mwili ukipoa ndo usingizi unakuja. Kama ulisimama siku nzima, wewe mwalimu, muuza duka, nesi, weka beseni kwenye ile kona yako, maji ya moto ya wastani, chumvi konzi moja, tumbukiza miguu robo saa huku unapiga stori. Pima maji kwa kiwiko kwanza. Mwenye kisukari amuombe mtu mwingine ampimie, kwa sababu miguu yake inaweza isisikie joto akaungua bila kujua.

Harufu

Huku pwani nyumba bila harufu nzuri jioni tunaona kama haijakamilika. Chetezo kikiwepo, washa mkaa nje, subiri uwake wote mpaka uvikwe jivu jeupe, ndo uweke kipande cha udi au ubani, ukiweka mapema unapata moshi wa mkaa badala ya udi. Pitisha chumbani, fukiza mapazia na nguo, kisha kitoe nje. Asumini nayo inauzwa jioni ikiwa bado matumba hayajafunguka, inachanua usiku, weka chache kwenye kisahani au juu ya mto. Asiye na hivyo aweke maganda ya chungwa na karafuu mbili tatu kwenye kisufuria cha maji moto mdogo, inatosha kabisa. Ila kama kuna mwenye pumu ndani achana na moshi wowote, tumia maua.

Nyie wa Makete, Njombe, Mbeya, Arusha, na ndugu zetu wa Limuru kule Kenya, mwezi wa 6 na wa 7 mtasema huyu anaongelea upepo wakati sisi tunatetemeka. Kwenu baraza ni jikoni. Kaeni karibu na moto, mahindi ya kuchoma au viazi kwenye majivu, blanketi moja watoto wawili. Lakini naomba sana mnisikie hapa, jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa hata kama limebaki makaa mekundu machache. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, mtu anasinzia na haamki. Wakati linawaka mlango au dirisha liwe wazi, ukienda kulala jiko linatoka nje. Ndani baki na maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri, izungushie kitambaa, weka miguuni.

Mkishakaa mnaongea nini

Msianze na madeni, ada na kodi ya nyumba. Hayo yana umuhimu wake ila yapeni siku yake, Jumamosi asubuhi na daftari. Jioni waulize watoto nani kachekesha darasani, mpigie simu bibi kabla hujaiweka chaji aongee na wote kwa spika, pigeni vitendawili. Kama yupo mtu mzima anayejua hadithi mwachieni nafasi, "Paukwa!" "Pakawa!", utashangaa hata yule wa sekondari anayejifanya kakua anasogeza mkeka. Na pakiwa kimya paache pawe kimya. Unayekaa peke yako geto usione hii haikuhusu, toa kigoda nje, salimia wanaopita, baada ya muda jirani atasimama, kesho yake atakaa. Kichwa kikikataa kutulia, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, fanya hivyo dakika chache, moyo unapunguza mbio.

Wa zamu za usiku, walinzi, manesi, madereva wa masafa, jioni yenu ni asubuhi. Fanyeni yaleyale ukirudi saa 1 asubuhi: miwani ya jua njiani ili mwanga usikuamshe, maji ya uvuguvugu, mchaichai, nusu saa ya kukaa na familia kabla hawajatawanyika, kisha kitenge kizito dirishani na simu nje ya chumba. Na mlioko nyumbani mchana, redio ipungue sauti mpaka saa 9, huyo mtu kalinda watu usiku kucha.