Kabla Hujamtumia Mtoto wa Mtwara Programu ya Kusoma

Mwaka juzi nilifunga boksi la kadi, vitabu na vigae vya herufi, nikalipia mzigo kutoka Birmingham mpaka Mikindani, Mtwara. Lilikuwa la mtoto wa kaka yangu. Yuko darasa la tatu, mwepesi wa hesabu za kichwa, anajua jina la kila mashua pale ufukweni, lakini kusoma kunamtoa jasho. Kadi ya kwanza ilikuwa na picha ya tufaa, tunda ambalo hajawahi kulishika. Wiki ya nne mama akanipigia: "Mwanangu, huyu mtoto sasa anasoma 'mbele' kama 'mbel'." Kumbe kadi zangu, zilizotengenezwa kwa Kiingereza, zilimfundisha kwamba e ya mwisho haitamkwi. Nilikuwa nimemtumia mgonjwa wangu dawa ya jirani.

Kwa hiyo wewe uliye nje, mwenye mtoto Mtwara au Lindi ambaye kusoma kunamshinda, pengine kwa ugumu uitwao disleksia, nawe unataka kumsaidia, swali la kwanza si programu ipi inasifiwa. Jiulize mtoto anajifunza kusoma kwa lugha gani, na nani atakaa naye kila siku. Bei na mengine yafuate baadaye.

Programu nyingi utakazoziona madukani huko ni uzao wa kazi ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, Wamarekani waliofanya kazi pamoja miaka ya 1930. Msingi wao ni mzuri na haujapitwa na wakati: fundisha sauti na herufi waziwazi, kwa mpangilio, hatua moja baada ya nyingine, mtoto akitumia macho, masikio, mdomo na mkono kwa pamoja, na usiende mbele mpaka ya nyuma yameshika. Msingi huo unafaa lugha yoyote, ila kadi zenyewe zimetengenezwa kwa shida za Kiingereza, ambapo "though" na "cough" yanafanana kwa macho na kupishana kabisa mdomoni. Kiswahili kina irabu tano, na a ni a popote utakapoikuta. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anayesoma kwa Kiswahili hana haja ya kubebeshwa mzigo wa Kiingereza kabla hajajua kusoma lugha anayoiota usiku.

Kwa sababu hiyo hiyo, disleksia kwa Kiswahili huonekana kwa sura nyingine. Disleksia ni ugumu wa kuunganisha sauti na herufi, na hauna uhusiano na uvivu wala upungufu wa akili. Kwa Kiingereza mtoto hukosea maneno ovyo. Kwa Kiswahili anaweza kusoma sawasawa, lakini kwa kujikokota, silabi moja moja, wakati wenzake walishaacha hayo tangu darasa la pili. Neno refu kama "hawakutuambia" analianza vizuri, kisha linalobaki anabahatisha. Wengine hukariri ukurasa mzima kwa masikio, na ukiwageuzia ukurasa wanakwama. Kwenye kuandika, ndizi inakuwa "dizi" na mbuzi anakuwa "buzi". Kwa hiyo mtu wa nyumbani akikwambia "anasoma, ila polepole", usipumue kwanza. Omba arekodiwe akisoma dakika moja kitabu ambacho hajawahi kukiona.

Hapa niseme jambo la kwetu Kusini. R na l hupishana midomoni mwetu. Mtoto akiandika "kolosho" au "Mtwala", huenda anaandika anavyosikia nyumbani, na hiyo si disleksia. Vivyo hivyo akiandika "samani" akikusudia thamani. Anahitaji kufundishwa tofauti, maana kura si kula na mahari si mahali, lakini usimhesabie makosa hayo kama dalili. Kinachonishtua mimi ni sauti zinazoruka au kuhama mahali ndani ya neno, wiki baada ya wiki, hata kwa neno aliloliandika sawa jana.

Muulizeni na ustadhi wake wa madrasa. Ba, ta na tha kwa Kiarabu zinatofautiana kwa nukta tu. Mtoto anayehangaika shuleni na chuoni pia, ilhali akisomewa sura anaihifadhi haraka kwa sikio, anakupa habari muhimu sana. Kabla ya hayo yote apimwe macho na masikio, muanzie hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Nimeona familia ikimlaumu mtoto mwaka mzima, kumbe ubao haonekani kutoka dawati la nyuma.

Sasa vifaa. Usihangaike kutafuta boksi lililoandikwa disleksia. Vitabu vya kiada vya darasa la kwanza na la pili, vile vya kusoma, kuandika na kuhesabu, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandao. Anzia darasa la kwanza bila aibu. Kama mtoto anaona haya, chapisheni kurasa bila jalada. Hadithi fupi za kujisomea zipo bure kwenye tovuti ya African Storybook, nyingi kwa Kiswahili. Ukipenda tableti, tafuta programu ya onebillion au Kitkit School. Mwaka 2019 hizo mbili ziligawana ushindi wa shindano la Global Learning XPRIZE baada ya kujaribiwa kwa Kiswahili na watoto wa vijiji vya Tanga, na programu za shindano hilo ziliachwa wazi zitumike bila malipo. Hazikutengenezwa kwa ajili ya disleksia, kwa hiyo ziwe za mazoezi tu. Tableti haisikii mtoto anavyosita kwenye "ngw".

Kazi yenyewe inafanyika mkekani. Kwa mtoto wetu, mwalimu wake wa nyumbani anaanza bila kitabu: "Sema ndizi. Ina silabi ngapi?" Mtoto anasogeza korosho moja kwa ndi, ya pili kwa zi. "Sasa sema kata. Badilisha ka iwe pa." Akishika hapo, ndipo silabi inaandikwa kwa kidole kwenye sinia la mchanga huku akiitamka kwa sauti, kisha kwenye daftari. Wanaanza na konsonanti moja na irabu, wanakwenda mb, nd, ny, kisha wanatenganisha ng'ombe na ngoma, na mbw ya mbwa inakuja mwisho. Kila siku anasoma na kuandika yale yale aliyofundishwa. Kusoma bila imla ni nusu ya kazi. Mara moja kwa wiki anapewa maneno yasiyo na maana, kama "mbofa" na "nyelo", kuhakikisha anasoma herufi wala habahatishi. Dakika 20, siku tano. Saa mbili za Jumamosi haziwezi kulipa deni la wiki nzima.

Nani wa kukaa naye? Nitasema wazi, kwa sababu wengi tunakosea hapa: usimtwike bibi. Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili korosho zinaokotwa, nyumba nzima iko shambani, na mpango wako utakufa hapo. Tafuta mwalimu mstaafu wa madarasa ya chini jirani na nyumbani, au kijana anayesoma ualimu pale Mtwara mjini, mpatane posho ya mwezi na umtumie kwa simu tarehe ile ile kila mwezi. Pesa niliyolipia boksi lile ingetosha kumlipa mtu kwa miezi. Kabla ya kumkubali, mwombe afundishe mara moja huku ukisikiliza kwa simu. Akimkaripia mtoto kwa kosa la kwanza, mshukuru, utafute mwingine. Saa kumi na moja jioni ya Mtwara ni saa tisa mchana Uingereza wakati wa joto na saa nane wakati wa baridi, kwa hiyo hata mapumziko ya kazini yanatosha kusikiliza.

Kwa mwenye mtoto anayesoma huko huko nje, mambo yanageuka: hapo programu ya Kiingereza ndiyo yenyewe. Anza na shule. Marekani, shule ya umma inawajibika kumpima mtoto bure inapokuwa na sababu ya kushuku tatizo, nawe peleka ombi kwa maandishi. Uingereza, muone mratibu wa mahitaji maalumu wa shule. Msaada hauhitaji kungoja cheti cha disleksia. Kwa nyumbani, programu ya Barton ilitungwa ili hata mzazi asiye mwalimu aweze kuifundisha. Ina ngazi kumi, kila ngazi inauzwa peke yake na si rahisi, na kuna kipimo cha bure cha mtoto na cha mfundishaji. Ufanye hicho cha mfundishaji kwa uaminifu, maana baadhi ya irabu za Kiingereza masikio yetu hayazitofautishi. Programu ya Wilson inahitaji mwalimu aliyefunzwa. Toe by Toe ni kitabu kimoja tu, cha watu wawili na dakika 20 kwa siku, na kwa mfuko mdogo ningeanzia hapo.

Mwalimu akikushauri uache Kiswahili nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe", kataa kwa adabu. Lugha mbili hazileti disleksia. Ukimfundisha kusoma Kiswahili pia, ataonja mapema raha ya kumaliza ukurasa.

Anayekuuzia tiba ya haraka, mkimbie. Mwaka 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba miwani ya rangi na mazoezi ya macho havina ushahidi wa kutosha kama tiba ya disleksia.

Weka daftari: kila Ijumaa maneno aliyosoma sawa kwa dakika moja, na maneno kumi ya imla. Mimi naupa mpango miezi mitatu. Namba zisiposogea, kwanza nauliza kama dakika 20 zinafanyika kweli, kisha kama wanakimbilia mbele, na mwisho kabisa ndipo nabadilisha vifaa. Mtoto wetu mwakani anaingia darasa la nne, lenye upimaji wa kitaifa, kwa hiyo kaka ameshampelekea mwalimu mkuu daftari lile, lenye Ijumaa kumi na nne, ili shule ione alikotoka.