Inveta ya kilowati 5: breka gani, waya gani

Juzi Nkuhungu, Dodoma, nilikuta breka (swichi inayokata umeme ukizidi) ya AC, yaani ya umeme wa TANESCO, imefungwa kwenye betri ya inveta, plastiki imeshageuka kahawia. Umeme wa betri haupiti sifuri kila mara kama wa TANESCO, hivyo breka ikikata, cheche haizimiki upesi. Nunua breka ya DC, ya umeme wa betri, hata fundi mwenzangu akikucheka.

Upande wa betri, wati 5,000 gawa kwa volti 48: ampea 104. Lakini betri ikishuka hadi volti 44, na upotevu wa asilimia 10, ni 126. Zidisha kwa 1.25 kwa usalama, unapata 158. Breka 160, waya wa shaba wa milimita za mraba 50, mfupi.

Upande wa kutoka, volti 230: ampea 22, breka 32, waya wa milimita za mraba 6. Upande wa kuingia, unaotoka TANESCO, soma kibandiko cha inveta, maana hubeba mzigo na chaji ya betri pamoja.